Shokapu Fupi ya Ndinda

Watu wanaopita mji wa Salama na gari lenye ugonjwa usioeleweka huambiwa waulize kwa Kioko. Sisemi hivyo kwa kujisifu. Nasema kwa sababu ndivyo ilivyo, na mtu aliyejijenga kwa mikono yake mwenyewe hana sababu ya kunong'ona. Gereji yangu ina sakafu ya saruji na choo cha wateja chenye kufuli. Diploma yangu ya uhandisi wa magari imetundikwa ndani ya kioo juu ya meza ya kulipia, mahali ambapo mteja akitoa hela lazima aione, na pembeni yake kuna picha yangu nikiwa jangwani Arabuni, nimesimama mbele ya tingatinga ambalo mafundi walionitangulia walishindwa kuliwasha. Kwa hiyo simu yangu ikilia mapema huwa ni mtu ana shida na injini. Asubuhi ile ya mwezi uliopita, nikiwa bado na uji mdomoni, nilidhani ni hivyo pia.

"Kioko, ni Ndinda wa Mbumbuni," sauti ikasema. "Mzee ametuacha."

Nikaweka kikombe chini nikampa pole. Mzee Nzioka alikuwa baba mkwe wake, baba wa mumewe Mutua, na alikuwa amekula chumvi nyingi.

"Tunataka gari ya kumtoa mochari tumlete nyumbani," akaendelea. "Mutua alikuwa ameitisha lile la kukodi, lenye maua. Mimi nimekataa. Nimesema ni wewe utamleta."

"Na Mutua amesema nini?"

"Amesema wewe ndiye ulimvunja baba yake. Nikamwambia basi ni wewe unajua vile anafaa kubebwa."

Akakata simu. Nilibaki nikitazama uji ukishika ngozi juu. Nimeishi ng'ambo, nimerudi, nimejenga, nimeajiri vijana ambao baba zao walinicheka. Lakini ukienda Mbumbuni leo, ukamuuliza mtu yeyote mwenye mvi kwa nini Mzee Nzioka alikuwa akichechemea, atakujibu bila kufikiri: ni ile shokapu ya Kioko. Jibu hilo limenitangulia kila nilipokwenda, na mimi ndiye niliyeliacha liende.

Mwaka ule nilikuwa kijana wa gereji ya Fundi Mulwa pale sokoni Mbumbuni, kabla bodaboda hazijatapakaa kila kona. Nililala katika chumba kilichokuwa nyuma ya gereji, kitanda upande mmoja na matairi ya zamani upande mwingine, na ukuta wa mabati uliotutenganisha na hoteli ya Mama Wanza. Bati lile halikuzuia kitu. Harufu ya vitunguu vikikaangwa iliingia kabla ya saa nne, kisha chapati, kisha ndengu, na siku za soko harufu ya matumbo ya mbuzi ambayo mpaka leo nikiisikia nashika mfuko kuangalia kama nina spana. Maneno nayo yaliingia vivyo hivyo. Nilijua nani amekosana na mkewe, nani amekataliwa ushirika mtakatifu, ng'ombe wa nani amekufa kwa kula karatasi ya plastiki. Wao pia walinisikia. Nikiimba, Mama Wanza aligonga bati kwa mwiko. Nilikuwa na furaha katika chumba kile kuliko niliyo nayo katika nyumba yangu ya sasa yenye vigae, na nadhani ni kwa sababu Mulwa alikuwa ameniahidi kitu. Alitaka kuhamia kwenye biashara ya kusaga unga, na aliniambia mbele ya wateja kwamba mwaka ukiisha spana zote zile zitakuwa chini ya mkono wangu. Sikuwa na diploma wakati huo. Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne kisichofaa kumwonyesha mtu, na jina ambalo lilikuwa limeanza kutajwa.

Ndinda alikuja akisukuma pikipiki. Hilo ndilo nililoliona kwanza: mwanamke mfupi, suruali imeingizwa ndani ya gambuti, anaisukuma pikipiki ndefu ya kwenda porini kama mtu anayesukuma ng'ombe asiyetaka dipu. Alikuwa ameolewa kwa Mzee Nzioka, na mumewe Mutua alifanya kazi Mombasa. Yeye mwenyewe alikuwa ameajiriwa upande wa pili wa mto Athi, Kitui, kuchanja mbuzi na ng'ombe, na kazi yenyewe ilikuwa ya majaribio.

"Imekufa wapi?" nikamuuliza.

"Haijakufa. Iko sawa kuliko wewe."

"Sasa mbona unaisukuma?"

"Kwa sababu nikifika mahali pa kusimama naanguka." Akapanda kunionyesha, nikamshikia usukani. Vidole vya mguu vilining'inia hewani. "Nikiwa naenda niko sawa. Shida ni kusimama. Nimeangukia kwa boma ya watu mbele ya ng'ombe wao. Mkubwa wangu amesema ofisi haina pikipiki ingine, na atakayeshindwa na hii arudishe ufunguo, aje mwingine mwenye miguu."

Kutoka nyuma ya bati Mama Wanza akapaza sauti, "Kioko, mnunulie stuli aifunge hapo nyuma!"

"Akusaidie wewe kwanza kufikia sufuria!" Ndinda akamjibu, na hoteli nzima ikacheka. Nilimpenda kwa jibu hilo. Si kwa mapenzi, bali kama unavyompenda mtu asiyekubali kuonewa.

Mulwa alimwambia pikipiki haipunguzwi urefu, mtu ndiye huongezwa soli. Mimi nilikuwa nimeinama chini ya kiti nikitazama shokapu ya nyuma, ile springi inayobeba kiti na mtu. Ilikuwa moja tu, imesimama katikati kama nguzo ya nyumba, na nguzo ikiwa fupi paa hushuka. Nikakata kijiti cha mwembe kulingana na urefu wake kutoka tundu la juu hadi la chini, nikaweka alama pale ambapo ningependa iishie, na siku ya pili nikasafiri hadi Sultan Hamud kwa Abdi, ambaye watu wake walitoka kaskazini mashariki na duka lake lilikuwa na vipuri hadi juu ya dari. Nilipima shokapu baada ya shokapu kwa kile kijiti huku Abdi akinitazama na kikombe chake cha chai ya maziwa ya ngamia.

"Wewe unatafuta shokapu ya pikipiki gani, bwana?"

"Yoyote itakayolingana na hiki kijiti."

"Subhanallah. Hiyo umeshika ni ya pikipiki ingine kabisa. Hata kampuni si moja."

"Pikipiki haijui jina lake, Abdi. Inajua urefu na uzito."

Akacheka mpaka akaweka kikombe chini. Neno hilo nimewaambia vijana wangu wa gereji mara nyingi, na nimelisema hata darasani mbele ya mwalimu wa diploma, akaliandika ubaoni.

Kuipachika ndiko kulikokuwa kazi. Tundu la chini la shokapu ile lilikuwa pana kuliko boliti, kwa hiyo nilichonga bushi ya chuma kujaza nafasi. Springi yake ilikuwa ngumu kiasi cha kutosha, lakini gurudumu sasa lilikuwa karibu mno na madigadi, kile kifuniko cha juu ya tairi, na nikaona kwamba mzigo ukizidi tairi litagusa. Nikakata kipande cha mpira kutoka kwenye tairi la lori, nikakifunga juu ya mkono wa gurudumu kiwe mto wa kuzuia. Kisha nikagundua kwamba stendi ya pembeni imekuwa ndefu, pikipiki ikisimamishwa inaangukia upande wa pili, nikaikata na kuichomelea upya. Wateja walisimama kutazama. "Kioko anakata pikipiki miguu," walisema, "kama mbuzi wa Krismasi."

Ndinda alipoijaribu, alikwenda mpaka kwenye kanisa, akageuka, akarudi, akasimama mbele ya gereji. Akaweka miguu yote miwili chini, nyayo nzima.  Kisha akapiga honi, ndefu, mpaka Mama Wanza akatoka na mwiko.

Nilimpa masharti, na niliyasema kwa sauti ili Mulwa asikie. Kwenye keria, ile fremu ya mizigo nyuma ya kiti, likae lile boksi la barafu la chanjo tu, ambalo si zito. Akibeba mtu, mtu huyo akae kwenye kiti, nyuma yake kabisa, wamebanana. Asikae mtu kwenye keria, hata awe mwembamba vipi, kwa sababu uzito ukiwa nyuma ya gurudumu unaikandamiza shokapu kama mtu anayekalia ncha ya mti uliolazwa juu ya jiwe. "Nimeelewa, daktari," akasema. Mimi kijana wa kidato cha nne kuitwa daktari! Kwa miezi kadhaa nililibeba neno hilo kama kofia mpya. Alipita kila Jumatatu akienda Kitui, akirudi Ijumaa na vumbi mpaka kwenye kope, na kila alipopita alipiga honi, nami nilihakikisha niko mlangoni.

Jumapili moja alinialika chakula kwao, kwa shukrani. Sijaisahau nyumba ile. Kuta zilikuwa zimepakwa rangi ya samawati nusu, kulikuwa na kalenda ya kanisa na viti vyenye vitambaa vilivyofumwa, na meza ambayo Mzee Nzioka alikaa peke yake kwenye ncha yake. Alikuwa mzee wa kanisa, mrefu, mkavu, mwenye sauti ya kusoma matangazo. Ndinda aliingia na kuku, akaweka, akatoka. Chapati, akaweka, akatoka. Kila alipoingia mzee aligeuza uso akatazama kalenda, kana kwamba siku imempotea. Nilikuwa naijua nthoni, ile haya ya heshima baina ya mkwe na mkwe ambayo Wakamba tumelelewa nayo: hawagusani, hawakai benchi moja, wakikutana njiani mmoja hupisha. Lakini sikuwa nimeiona ikishikwa kwa uangalifu namna ile, na mtu ambaye Jumapili hiyo hiyo kanisani alikuwa ametangaza semina ya vijana kuhusu mila zilizopitwa na wakati. Kabla ya kuingia ua wake mwenyewe alikohoa mara moja, kikohozi kikavu, ili Ndinda ajue na apishe. Na jikoni niliona mlango wa pili, mpya, mbao zake bado nyeupe.

"Aliutoboa yeye mwenyewe," mke wa mzee akaniambia kwa sauti ya chini, akicheka. "Alisema mlango mmoja unawakutanisha."

Tulipomaliza, mzee alimgeukia mkewe. "Mwambie mama wa huko jikoni kwamba sijala kuku kama huyu tangu arusi yangu."

"Amesikia," mkewe akasema.

"Mwambie tu."

Akaenda akaambiwa. Nikamsikia Ndinda akicheka nyuma ya mlango wa pili. Wakati huo niliona ni vituko vya wazee. Leo, mimi ambaye nimeishi na watu wanaokumbatiana asubuhi na kushtakiana jioni, naona kwamba mwanamume yule alikuwa ametoboa ukuta wa nyumba yake ili mke wa mwanawe atembee bila wasiwasi.

Kiangazi kilikuwa kimekaza. Ilikuwa Jumamosi, siku isiyo ya soko, magari yote yameondoka asubuhi, nami nilikuwa nakula muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, chumbani niliposikia mguu wa mtu ukikimbia kwenye hoteli na sauti ikisema, "Ndinda ameanguka na mzee! Kule korongoni!" Kijiko kilisimama. Kisha sauti nyingine, na hiyo ndiyo inayonirudia: "Si nilisema? Shokapu ya kuazima."

Mzee alikuwa ameshikwa na maumivu ya kifua, mkewe yuko kwenye mkutano wa akina mama kanisa la mbali, na nyumbani hakukuwa na mtu mwingine ila Ndinda na pikipiki yake. Walikuwa wakielekea hospitali. Waliposhuka korongoni gurudumu la nyuma lilishikwa likakataa kuzunguka, wakaenda chini. Ndinda aliumia mkono. Mzee alivunjika nyonga. Kifua chenyewe, madaktari walisema baadaye, kilikuwa ni gesi.

Pikipiki ililetwa gereji ndani ya pikapu, ikashushwa, watu wakaizunguka. Mulwa hakuigusa. Alisimama mikono nyuma akasema, "Hii ni yako," kwa sauti ambayo nilijua imebeba na zile spana zote. Mimi nikapiga magoti. Shokapu ilikuwa nzima. Haikuvuja hata tone, bushi yangu haikusogea. Chini ya madigadi kulikuwa na mkwaruzo mweusi ambapo tairi lilisaga mpaka likashika. Keria ilikuwa imepinda kuelekea chini, mwishoni kabisa. Na lile boksi la chanjo halikuwa kwenye keria. Lilikuwa limefungwa kwa mpira, vizuri, kwa fundo la mtu makini, katikati ya kiti. Nililitazama fundo lile muda mrefu. Watu walikuwa wakisema hili na lile juu ya kichwa changu, na hakuna aliyeliona, kwa sababu boksi juu ya kiti cha pikipiki si kitu cha kushangaza. Mimi nilijua lilikuwa ukuta.

Nilimkuta Ndinda hospitalini, kwenye benchi nje ya wodi ya wanaume, mkono umefungwa bendeji. Hakuwa ameingia ndani. Alikuwa na chupa ya chai mapajani ikimsubiri mama mkwe aje aipeleke.

"Boksi lilikuwa kwa kiti," nikamwambia.

Akatazama mlango wa wodi.

"Nilikuambia boksi kwa keria, mtu kwa kiti. Mligeuza."

"Kioko, wewe ni Mkamba ama ni mzungu?" akasema polepole. "Ulitaka nimwambie akae wapi? Anishike kiuno? Alikuwa amekataa kupanda kabisa. Alikuwa amelala sakafuni akisema afadhali Mungu amchukue. Nikamwongelesha nikiwa huko nje ya dirisha. Ndiyo akatoka, akahamisha boksi yeye mwenyewe, akalifunga, akalitikisa kuona kama limeshika. Mimi nikaangalia upande ule mwingine mpaka akapanda. Nilijua anakaa kwa keria. Nilienda polepole. Ningefanya nini?"

"Sema hivyo basi. Wanasema ni shokapu."

"Niseme mzee wa kanisa, anayetangazia vijana waache mila, amevunjika kwa kuogopa kuketi karibu na bibi ya mtoto wake? Watamcheka mpaka kaburini. Hapo kwa Mama Wanza watatengeneza na wimbo."

"Nitasema mimi."

"Usiseme."

"Ndinda, Mulwa ataninyima gereji."

"Na mimi ofisi watasema pikipiki irudishwe vile ilikuwa, na nikirudi kwa ile ndefu nitaanguka, na ufunguo utaenda. Unadhani sijafikiria?" Akafuta jasho kwa bendeji. "Kazi nitapata ingine. Baba mkwe sina mwingine."

Niliondoka nikiwa na hasira naye. Nataka hilo lieleweke. Sikuwa malaika. Usiku na mchana nilikuwa nikipanga maneno, na niliyapanga vizuri, maana kuongea najua.

Kikao kilifanyika uani kwa Mzee Nzioka aliporudishwa nyumbani. Walikuwepo watu wa ukoo, watu wa kanisa, Mulwa, karani kutoka ofisi ya Ndinda, na Mutua aliyekuwa amefika kutoka Mombasa na macho mekundu ya safari. Mzee aliwekwa kwenye kiti karibu na mlango, mguu umenyooshwa juu ya stuli, gongo kando. Ndinda alikuwa jikoni. Niliona kivuli chake kwenye ule mlango wa pili. Tulipewa chai na viazi vitamu kwanza, kwa sababu kwetu hata anayeshtakiwa hunywa chai.

Walinipa nafasi. Nikasimama, nikawaeleza mambo ya springi na mizani, nikaona wengine wamefungua midomo. Nikaomba pikipiki iletwe katikati. Nikamwambia Mutua apande, na Mulwa, ambaye hakuwa mtu mdogo, akae nyuma yake kwenye kiti. Nikawaambia warukeruke. Pikipiki ikashuka, ikapanda, ikashuka. Tairi halikugusa. Nikapitisha kiganja changu kati ya tairi na madigadi wakiwa juu yake, kila mtu akaona.

"Mnaona?" nikasema. "Shokapu ni nzima na inabeba."

Minong'ono ikaanza kugeuka. Nilihisi ikigeuka, kama upepo unavyogeuka ukiwa unapepeta. Ndipo Mutua, akiwa bado amekalia, akauliza, "Kama inabeba Mulwa na tumbo lake, mbona ilishindwa na mzee wangu aliyekonda?"

Hilo ndilo swali, na jibu lake lilikuwa hapo hapo mkononi mwangu. Ningemwambia Mulwa arudi nyuma, akae kwenye keria, na tairi lingegusa mbele ya macho yao. Lingekuwa jambo la pumzi moja. Nikageuka kumwambia, na nikasikia kikohozi. Kikavu, mara moja. Mzee Nzioka alikuwa ametazama chini, mikono yake imeshika gongo, na alikohoa kama alivyokohoa kila siku kabla ya kuingia ua wake, akiomba apishwe.

Nikampisha.

"Sijui," nikasema.

"Hujui?" Mutua akashuka. "Wewe? Wewe Kioko ambaye hujua kila kitu?" Watu wakacheka, na wengine walicheka kwa raha, maana nilikuwa nimewachosha mwaka mzima kwa kujua. Nimesema maneno mengi maishani, katika lugha tatu, kwa mabosi wakali na kwa polisi wa viwanja vya ndege; hakuna lililonitoka kwa shida kama neno lile. Karani alisema shokapu ya kwanza irudishwe mara moja. Mulwa hakungoja hata jioni. Tukiwa njiani kurudi sokoni aliniambia kwamba gereji ataichukua mpwa wake, na kwamba nisione vibaya, watu wangeogopa kuleta pikipiki.

Niliifunga ile shokapu ndefu mimi mwenyewe, ndiyo kazi yangu ya mwisho pale. Ndinda alijaribu wiki chache, akaanguka tena mbele ya mkubwa wake, akarudisha ufunguo. Nilipita siku moja nikamwona anauza dawa za mifugo kwenye kibanda, amekaa juu ya kreti, miguu imefika chini. Hakunipungia, wala mimi sikusimama. Na mimi kwa miaka mingi nimejiuliza kama tulitenda wema au tulifanya ujinga, watu wawili vijana kutupa walichokuwa nacho ili mzee mmoja asichekwe. Katika jangwa kule, nikiwa nimelala juu ya kitanda cha chuma kati ya wanaume wanaokoroma, mara nyingine nilimrudisha Mulwa kwenye keria na kuwaonyesha wote. Nilishinda kikao kile mara nyingi sana nikiwa mbali.

Siku niliyoondoka kwenda Nairobi na begi langu, mke wa mzee alinikuta kituoni. Alikuwa na kikapu cha ndengu zilizopembuliwa vizuri, bila hata jiwe moja. "Mzee amesema utakula huko uendako," akasema. Nikamuuliza kama amesema kingine. "Alikuwa akizipembua mwenyewe," akajibu, "jana kutwa, kwenye kile kiti." Ndengu zile nilizila Nairobi mwezi mzima, chumba cha kupanga, jiko la mafuta ya taa, nikisoma kwa ajili ya diploma ambayo hakuna kikao kingeweza kuninyang'anya.

Kwa hiyo nilikwenda mochari nikiwa na suti na pikapu yangu, ambayo springi zake za nyuma nimezipanga mwenyewe, jani juu ya jani, ili ibebe mzigo bila kumtupa mtu. Mutua alinisalimia kwa vidole. Amezeeka, ameota kitambi kuliko Mulwa wa zamani. Tuliingiza jeneza, nikalifunga kwa kamba pande zote. Ndinda alisimama kando akitazama mafundo yangu. Nywele zake zimekuwa nyeupe pembeni, na bado ni mfupi vile vile.

"Uliwahi kumwambia mtu?" Ndinda akaniuliza, Mutua alipokwenda kutia sahihi.

"Hapana. Hata mke wangu hajui."

"Mzee pia hakuwahi kusema. Lakini mwaka jana alipougua, alinitumia neno kupitia kwa mama, kabla mama hajafa. Alisema, 'Mwambie yule wa jikoni kwamba ningemkalia karibu, tungefika.'" Akajipangusa macho kwa ncha ya leso. "Sasa ukitaka kusema, sema. Hana haya tena huyu."

Mutua akarudi, akafungua mlango wa mbele. "Ndinda, kuja tukae huku. Vijana watakaa nyuma na mzee."

"Nitakaa nyuma."

"Na nthoni?" akasema, nusu mzaha, nusu si mzaha.

Ndinda akakanyaga bampa, akashindwa kufika, nikamshika mkono akapanda. Barabara ya kuingia Mbumbuni ina lami sasa, lakini pale korongoni bado ni mawe. Nilipofika nikapunguza mwendo mpaka nikasikia kila kokoto. Mutua kando yangu alishika dashibodi. Nikainua macho kwenye kioo. Ndinda alikuwa ameketi kwenye ubao wa pikapu, amelisogelea jeneza mpaka bega lake limeliegemea, mkono mmoja umelikumbatia juu, kama abiria anavyopaswa kushika, na katikati yao hakukuwa na kitu.